Mzimu wa Moshi

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi kama kawaida. Nimefunga madirisha, nimesokomeza kanga kuukuu chini ya mlango. Moshi ulikuwa umelala juu ya mapaa ya mtaa wote wa Mlabani. Lundo la pumba nyuma ya mashine ya kukoboa ya Mzee Kanuti linaungua tangu wiki iliyopita, na mwenyewe anapita akiitikia shikamoo za watu kama hajui lolote. Beni kakohoa akivaa sare. Nikamfunga mtandio mdomoni mpaka shuleni. Anauchukia. Wenzake wanamwita bibi harusi.

Mchana upepo ukaja, anga likawa safi. Aliporudi nikafungua kila kitu na kumtoa nje acheze, avute hewa nzuri. Mimi na cherehani yangu kibarazani, yeye anaruka kamba. Moyo ukatulia.

Fidelis karudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Anafyatua tofali kando ya mto Lumemo. Safari hii ni zetu, si za mtu. Miaka yote mume wangu anawachomea watu tofali, na sisi bado tumo nyumba ya kupanga.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeogopa.

Beni alikuwa anaruka kamba alasiri. Akasimama. Akashika kifua. Nikadhani anatania, maana mtoto huyu ana utani wa babake. Kisha nikasikia filimbi. Ilikuwa inatoka kifuani mwake. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta. Midomo imebadilika rangi.

Nilimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, miaka tisa yule, nikakimbia hadi barabarani kutafuta bodaboda. Sandali moja sijui niliiacha wapi.

Ni pumu. Nesi kasema kama mtu anayesema ni malaria. Katupa dawa ya kupuliza na kunielekeza. Nimsikilize kifua, nimwepushe na moshi. Nikamwambia moshi ulikuwa umekwisha, dada yangu. Anga lilikuwa jeupe. Hapakuwa na moshi hata wa sigara.

Akaita mgonjwa mwingine. Foleni ilikuwa ndefu.

Jumamosi, 16 Agosti

Mara nyingine tena jana. Alasiri. Juzi pia kidogo. Alasiri.

Nimekung'uta magodoro. Nimechoma, hapana, sijachoma, nimefukia takataka. Paka nimempeleka kwa jirani. Nimeondoa vipande vya vitambaa chini ya kitanda. Mkwe wangu, mama yake Fidelis, kasema ni maua ya miembe. Jirani kasema ni kijicho cha watu. Kila mtu daktari hapa.

Jambo moja silielewi. Asubuhi kwenye moshi anakohoa tu. Jua likiwaka, anga likitakata, ndipo anabanwa. Ni kinyume. Nalifikiria hili mpaka nashona mkono wa blauzi kwenye shingo.

Jumapili, 31 Agosti

Shule zimefungwa, nilimpeleka Kiberege kwa mama yangu. Nilijipongeza. Kule hakuna mashine nyuma ya dirisha, ni mpunga na mahindi, hewa ya shamba.

Ebo! Nimesahau msimu. Ni wakati wa kuchoma miwa huko njia ya Kidatu. Wanachoma shamba ili majani yaishe, wakate kwa urahisi. Jioni ya kwanza majivu meusi yalitudondokea uani, yakatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria ya wali. Mama anayapeperusha kwa mkono kama nzi. Kazoea.

Jana mchana Beni alibanwa vibaya kuliko siku zote. Nilipuliza dawa, nikasubiri, nikapuliza tena. Mama alikuwa anasali kwa sauti, nikamwambia mama tafadhali punguza, nasikiliza kifua. Hajawahi kuambiwa hivyo na mtoto wake.

Tumerudi leo. Garini nimeangalia bonde lote hili. Milima ya Udzungwa huku, milima ya Mahenge kule, na sisi katikati, na kila mahali uzi wa moshi. Nikaona tumo ndani ya sufuria. Mtu akimbilie wapi?

Jumanne, 9 Septemba

Leo nimejua. Bora nisingejua.

Amekuja mteja, msichana wa halmashauri, mazingira. Anaitwa Asteria. Sketi ya kupunguza. Nimemwona juzi juu ya paa la shule anafunga kijisanduku cheupe. Nikamuuliza ni cha nini huku nimeshika pini mdomoni. Kinapima hewa, kasema. Kinapima ozoni.

Nikacheka. Ozoni iko juu mbinguni, inatukinga na jua, hata Beni anajua, wameichora ukutani shuleni na maneno LINDA OZONI. Asteria akasema ni hiyohiyo. Ila ikiwa huku chini tunapovuta pumzi inaunguza mapafu. Akaniambia: "Dada Oliva, chumvi kwenye mboga si ni nzuri? Haya, itie jichoni."

Nikatoa pini mdomoni.

Akaeleza. Haitoki kwenye moto yenyewe. Moshi wa pumba, wa miwa, wa mashamba, wa malori na pikipiki, unapanda asubuhi. Jua linaupika. Inapofika alasiri moshi huuoni tena, lakini kilichopikwa kipo. Hakina rangi. Siku za jua kali, anga safi, ndipo kinakuwa kingi. Na hakikai palipowaka moto. Kinatembea bonde zima.

Nikamuuliza saa zipi hasa. Akasema kuanzia saa nane hivi, mpaka jua lianze kupoa.

Saa nane. Ndipo ninapofungua madirisha. Ndipo ninapomwambia mwanangu nenda kacheze, moshi umeisha.

Sketi yake nimeishona vibaya. Itabidi niifumue.

Jumatano, 10 Septemba

Nimemwambia Fidelis. Kasikiliza, kanawa, kala. Akauliza kama tanuri nalo limo. Nikasema nalo limo.  Tofali zake zimekauka, amezipanga tanuri refu kama nyumba, midomo ya moto chini, pumba zimeshaletwa viroba kwa viroba. Bado kusiliba kwa tope na kuwasha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Msemo huu sikuupenda leo.

Jumatano, 17 Septemba

Ijumaa shule ina sherehe ya mazingira. Wageni watakuja. Beni yumo kwenye kwaya, anaanzisha yeye. Wimbo unahusu nini? Ozoni. Mlinzi wetu mpendwa. Na utaimbwa uwanjani, saa tisa alasiri, juani.

Nilikwenda kwa mwalimu. Nikaomba waimbe asubuhi. Kacheka kwa adabu. "Mama Beni, mtoto anaimba tuilinde ozoni, na wewe unamwepusha nayo?" Nikajaribu kueleza, ile ya juu, hii ya chini, chumvi, jicho. Kwangu ilitoka kama hadithi ya mlevi. Wageni wanatoka mbali, kasema, hawawezi kufika asubuhi.

Nikamwambia Beni hataimba. Amelia mpaka filimbi ikaanza. Kwa hiyo hata kulia kunamuua. Nikasema basi, utaimba. Wimbo mmoja tu, kisha kivulini.

Ijumaa, 19 Septemba

Aliimba ubeti wa kwanza.

Jumamosi, 20 Septemba

Wodini. Natumia peni ya nesi.

Wa pili aliuanza, sauti ikakatika. Watu wakapiga makofi wakidhani ameona aibu. Alinitafuta kwa macho kwenye umati. Nilikuwa nyuma, kuna watu, kuna viti, kuna mgeni rasmi. Sijui niliwapitaje. Nilipofika alikuwa chini, magoti yake yana vumbi, na hakuwa anatoa sauti yoyote. Hata ile filimbi. Ile filimbi niliyokuwa naichukia, nikaomba Mungu niisikie.

Mwalimu ndiye aliyemchukua kwenye pikipiki yake. 

Sasa ana mpira puani, mtungi wa oksijeni unachemka kando. Fidelis amesimama mlangoni, hataki kukaa. Mimi nahesabu pumzi. Nikipotea hesabu naanza upya.

Naogopa. Sina neno lingine.

Jumatano, 24 Septemba

Tupo nyumbani. Amekonda shingo. Amenuna kwa sababu hakumaliza wimbo. Eti nimemwaibisha. Nilivyofurahi kununiwa, jamani.

Daktari kasema Beni akibanwa namna ile tena, yeye hawezi kuahidi. Hakumalizia sentensi. Wamesoma, hawamalizi sentensi.

Mvua bado mbali. Asteria anasema mvua ikija itaosha hewa, na mawingu yatazuia jua kupika. Kabla ya hapo ni jua tu, na moto kila kona. Madirisha sasa nafunga asubuhi kwa ajili ya moshi na mchana kwa ajili ya hiyo nyingine. Ndani ni joto la kuivisha ndizi. Beni amelala sakafuni na kitambaa kibichi.

Jumapili, 5 Oktoba

Mkutano wa mtaa ulikuwa jana asubuhi. Niandike vizuri, maana nilivyofanya sikutarajia.

Asteria alisimama akasema lengo ni kupunguza ozoni katika bonde zima, kuanzia na sisi. Loo! Pakawaka. Mzee Kanuti alisimama na kofia yake mkononi. Kasema binti, nakuheshimu, lakini wajukuu zangu wanaimba tuilinde ozoni, ukutani mmeandika tuilinde, leo unataka tuipunguze? Mnatuchezea? Watu wakapiga makofi. Mwingine akasema ozoni ikipungua jua litatuchoma, mpunga utakauka. Asteria alitaja juu, akataja chini, akataja kemikali. Akazama.

Nikasimama.  Nikasema shikamooni wazee. Hilo neno liacheni shuleni. Mimi nitawaambia nilichokiona. Moshi ukifa asubuhi hauendi. Mzimu wake unabaki. Mchana, jua likiwa kali na mkidhani pametakata, mzimu wa moshi unashuka vifuani mwa watoto. Mzimu huo haujali moto uliuwasha wewe au jirani. Mwanangu mlimwona uwanjani.

 Bibi mmoja akaguna, "Ee, sasa hapo umesema." Nikaona vichwa vinatikisika. Mzee Kanuti akakaa. Asteria alinitazama kama nimemwagia uji kwenye karatasi zake, kisha akasema ndiyo, ni hivyo, kwa namna.

Lakini yupo mtu nyuma, mwenye kinywa. Akauliza, "Na tanuri la mumeo, Mama Beni? Halina mzimu?"

Kila mtu akageuka. Niliomba ardhi ipasuke. Fidelis alikuwa amechuchumaa ukutani. Akasimama taratibu, akajifuta suruali. Kasema hatawasha. Atasubiri mvua ya kwanza ioshe hewa, kisha atawasha. Akachuchumaa tena.

Baada ya hapo wengine wakaona haya. Wakakubaliana, hakuna kuchoma pumba, takataka wala majani mpaka mvua. Mzee Kanuti pumba zake atawapa wa mashambani watandaze kwenye bustani. Asteria atapeleka maneno kwa wakulima wa miwa wakate bila kuchoma, hata kama si wote.

Njiani nilitaka kumshika mkono mume wangu. Hatuna desturi hiyo barabarani. Nilitembea karibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Tofauti ipo. Asubuhi naona mlima. Alasiri ya jana na ya juzi Beni hakubanwa. Siamini bado. Naogopa hata kuandika, nisije nikaiamsha.

Asteria kasema kipimo kimeshuka kidogo, lakini cha huku kinategemea na cha huko. Upepo ukitoka upande wa miwa ni bure.

Ijumaa, 17 Oktoba

Upepo umetoka upande wa miwa.

Alibanwa toka saa nane. Dawa, tena dawa. Ikaachia magharibi. Nimekaa nyuma yake nimemwegemeza kifuani kwangu ili avute pamoja na mimi. Kila nikivuta nasema na wewe vuta. Kifua changu kinauma na sina pumu.

Kisha nikasikia harufu. Karibu. Nikamwachia mkwe, nikachukua ndoo, nikaenda nyuma ya mashine. Lundo la zamani. Juu majivu baridi, ndani jekundu. Pumba huungua tumboni, nje hazionyeshi. Nikamwaga ndoo, nikapiga kelele mpaka watu wakatoka. Nilimwita Mzee Kanuti muuaji. Mtu wa umri wa baba yangu, mbele ya wateja wake.

 Alivua koti, akachukua koleo, akalifukua lundo lote mwenyewe, mvuke unampanda usoni, sisi tunamwaga maji. Tulipomaliza kanionyesha viganja. Malengelenge. Kasema alidhani limezimika. "Nilidhani limezimika, mwanangu." Nikasema shikamoo, kwa kuchelewa. Akaitikia marahaba.

Jumamosi, 25 Oktoba

Joto. Mawingu yanakusanyika upande wa Masagati, yanatawanyika. Fidelis anayatazama kama mtu anayedaiwa.

Sasa nina hofu mbili. Mvua isije, na mvua ije. Isipokuja, Beni. Ikija na nguvu, tofali mbichi ni udongo tu. Amezifunika kwa nyasi na nailoni, ameweka mawe juu. Anataka manyunyu. Siku moja ya manyunyu ya kuosha hewa, kisha awashe, moto ushike kabla ya mvua kubwa. Anapanga na mbingu kama anapanga na fundi mwenzake.

Jana watu walimwambia washa tu usiku, nani atajua. Mzimu hauonekani. Amekuja kuniambia. Nadhani alitaka nimwambie washa. Nikanyamaza. Ramani ya nyumba tutakayojenga kwa tofali zile ninaijua kwa kichwa. Chumba chetu, chumba cha Beni chenye dirisha kubwa, kibaraza cha cherehani. Mdomo wangu ulikuwa na neno hilo kabisa, washa. Beni akakohoa ndani. Kikohozi cha kawaida, cha mate.

Fidelis akasema basi, na akaenda kulala.

Jumamosi, 1 Novemba

Imekuja. Si manyunyu. Imeanza alfajiri kwa upepo, bati zikalia, kisha mvua ya kweli, kama imetumwa. Fidelis alitoka mbio na jembe na kipande cha nailoni. Nilimkimbilia. Tulipofika nailoni ya kwanza ilikuwa imenasa kwenye mti ng'ambo. Tulivuta hii na kushika ile. Haina maana. Upande wa kushoto wa tanuri uliinama polepole, ukakaa chini. Tofali zilipoteza pembe kwanza. Kisha zikapoteza kila kitu.

Nililia. Mvua ilinisaidia kuficha. Yeye alisimama tu na jembe lake.

Jumapili, 2 Novemba

Misa asubuhi. Baadaye jua kidogo, mawingu, ubaridi. Mlima upo karibu, unaweza kuhesabu miti.

Alasiri nikafungua madirisha. Nilisimama kwanza nikisikiliza. Nikafungua.

Tukaenda Lumemo sote watatu. Tanuri limekuwa kichuguu. Maji yanatiririka mekundu kuelekea mtoni. Mzee Kanuti alikuwepo, viganja vimefungwa kitambaa, kaja kutoa pole. Mwalimu naye. Watu walisimama kama msibani. Fidelis akainama, akachota tope, akalibinya, akaliangalia.

"Udongo haujaenda popote," akasema.

Beni alikuwa amepanda juu ya kichuguu, miguu mitupu, tope mpaka magotini. Akaanza kuimba ule wimbo wake wa shule. Mwalimu akageuza uso. Ubeti wa kwanza. Nikasimama mahali pangu, dawa mfukoni, kidole juu yake. Wa pili. Alipofika pale alipokatikia siku ile nilifumba macho. Akapita. Wa tatu sikuwahi kuusikia. Ni mrefu, una maneno mengi yasiyo na kituo.

Ameumaliza wote. Fidelis kamwambia ashuke, asikanyage udongo ovyo, utatumika.